Dharura Haifuti Mahesabu

Ukikaa maskani yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, habari ya corona ikiguswa tu, hakosekani wa kusema: "Wakati ule serikali ilikuwa na mamlaka yote, nani angeiuliza?" Kauli hiyo imebeba dhana kadhaa, na zote zina kasoro.

"Kenya ilikuwa katika hali ya hatari." Haikuwa. Kifungu cha 58 cha Katiba kinataka itangazwe rasmi, tena bila Bunge kuridhia hudumu siku 14 tu. Kafyu ya Machi 2020, ile iliyowakuta watu wamejazana feri Likoni wakala virungu, ilitokana na sheria ya kawaida ya utulivu wa umma.

"Serikali ikitaka kiwanda chako, inakichukua." Hapa huletwa mfano wa Trump kuiamuru General Motors itengeneze mashine za kupumulia, kwa sheria ya Marekani ya 1950 ya uzalishaji kwa ajili ya ulinzi. Kiwanda kilibaki cha wenyewe, na mkataba ulikuwa wa mashine 30,000 kwa dola milioni 489 hivi. Kwetu, kifungu cha 40 kinadai fidia ya haki, tena upesi.

"Dharura haina tenda, basi haina karatasi." Hii ndiyo iliyotugharimu. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu kununua kwa muuzaji mmoja haja ikibana, lakini kinachorukwa ni ushindani peke yake. Bei itajadiliwa, mkataba utaandikwa. Fundi wa Kongowea akiishonea kaunti barakoa, pawe na LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa, yenye idadi na bei ya kila moja, na mtu wa stoo atie sahihi kwa alizozipokea, si kwa zilizoagizwa. Karatasi hizo mbili zikigongana, mkaguzi ana pa kuanzia. Septemba 2020 ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu ununuzi wa Sh7.8 bilioni wa KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya tiba, ilionyesha wauzaji walipewa barua za ahadi bila bajeti, na shehena kubwa ilikuwa ingali imelala ghalani. Haraka gani hiyo?

"Kuuliza ni kazi ya wabunge." Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Andikia kaunti, taja kandarasi yenyewe. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Na wakikuuliza unaitakia nini, sheria haikulazimishi kueleza.