Likizo Bila Simu za Kazini: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

"Samahani dada, najua uko likizo. Swali moja tu."

Aliyewahi kuajiriwa anaujua ujumbe huu. Anayeutuma hana nia mbaya, na swali lenyewe kweli ni moja: faili la yule mteja liko wapi? Kulijibu ni nusu dakika. Ila ili ulijibu umefungua barua pepe, humo umekuta mteja mwingine analalamika, na bosi ameuliza jambo ambalo hakuna aliyemjibu. Tangu hapo uko likizo kwa mwili tu.

Dhana: Nikisema nipigiwe "kukiwa na dharura tu", nimeshaweka mpaka

Hapo ndipo mpaka unapovuja. Kwa mhasibu, ankara iliyokwama ni dharura. Kwa mkurugenzi, ni taarifa ya Jumatatu. Kwa aliyeajiriwa juzi, kila kitu ni dharura. Usipoitaja dharura yenyewe, kila mtu atajitafsiria, na tafsiri yake itakuwa pana kuliko yako.

Kwa hiyo itaje kabla hujaondoka: mfumo wa malipo umesimama kabisa, au kuna waraka unaohitaji saini yako na siku yake ya mwisho inaangukia ndani ya likizo. Basi. Kisha chagua mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukutafuta, na njia iwe kupiga simu, si kuandika. Ujumbe mtu huutuma huku akitafuna kitu. Akilazimika kupiga na kusikia sauti yako, atajiuliza kwanza kama jambo lenyewe linastahili. Dharura nyingi huishia hapo hapo.

Jibu la otomatiki la barua pepe nalo lina kasoro hiyo hiyo. Watu wanapenda kuandika, "Nitakuwa na mtandao wa shida, ila nitajitahidi kujibu." Hiyo ni ahadi ya kufanya kazi. Afadhali hivi: "Niko likizo hadi tarehe 18 na sitasoma barua pepe. Kuhusu mikataba, mwandikie Asha. Kuhusu malipo, mwandikie Juma. Linaloweza kusubiri, tafadhali litume tena baada ya tarehe 18." Maneno ya mwisho ndiyo yenye nguvu, kwa sababu yanamrudishia mtumaji mzigo wake. Kampuni ya magari ya Daimler ya Ujerumani ilijulikana sana mwaka 2014 kwa kwenda mbali zaidi: mfanyakazi aliye likizo aliweza kuchagua barua pepe zinazomjia zifutwe zenyewe, huku mtumaji akielekezwa kwa mtu mwingine. Inatisha kidogo, lakini hakuna aliyebaki akingoja jibu lisilokuja.

Dhana: Bila mimi kazi itakwama

Ikiwa ni kweli, basi ofisi ina tatizo, na hiyo si sifa ya kujivunia. Mabenki yalilitambua hili zamani, tena kwa sababu isiyohusu mapumziko hata kidogo. Mwaka 1995, FDIC, shirika la Marekani linalokatia bima amana za benki, lilihimiza wafanyakazi walio kwenye nafasi nyeti wakae mbali na kazi wiki mbili mfululizo kila mwaka. Udanganyifu mwingi humhitaji mwenyewe awepo kila siku ili aufiche, na akija mwingine kukaimu, mambo yanajitokeza. Jérôme Kerviel, aliyetiwa hatiani kwa miamala iliyoiletea benki ya Ufaransa ya Société Générale hasara ya yuro bilioni 4.9 mwaka 2008, alikuwa mtu wa kukwepa likizo. Sisemi kila asiyechukua likizo ana la kuficha. Nasema tu kwamba kazi isiyoweza kushikwa na mtu mwingine kwa wiki mbili ni hatari, hata mwenye kuishika awe mwaminifu vipi.

Dawa ni makabidhiano, na makabidhiano hayafanywi saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho. Mwache kaimu aifanye kazi siku chache kabla, wewe ukiwa pembeni, ili maswali yake yaje ungali upo. Na kuna kitu kidogo ambacho karibu kila mtu hukisahau: usimwachie nywila yako. Ukiacha suala la usalama, mifumo mingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti. Kaimu akitaka kuingia, namba inakuja kwako, naye anakupigia uisome. Kila siku. Omba afunguliwe ruhusa kwa jina lake.

Dhana: Kuchungulia mara moja asubuhi hakuna ubaya

Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walichapisha kipimo cha namna mtu anavyopata nafuu baada ya kazi. Waliainisha mambo manne: kuiacha kazi kifikra, kutulia, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na uhuru wa kupanga muda wako. Kuchungulia asubuhi kunaliua lile la kwanza kabla siku haijaanza, maana umeona tatizo ambalo huwezi kulitatua ulipo, nalo litakuganda.

Kinachotufanya tuchungulie mara nyingi ni viporo tulivyoviacha. Utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba jambo lisilokwisha huacha kumsumbua mtu akishaliwekea mpango mahususi, hata kama bado hajalimaliza. Basi kwa kila kiporo andika hatua inayofuata, nani ataifanya, na lini.

Wapo wasioweza kukata kabisa, kwa mfano mwenye biashara ya mtu mmoja. Hao nawashauri wachague siku na saa maalumu, wawatangazie wateja, na nje ya hapo waondoe akaunti ya kazi kwenye simu. Kuizimia arifa tu hakutoshi, kidole kinaijua njia.

Dhana: Wenzangu ndio wasioheshimu likizo yangu

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini umewahi kuandika "sawa" kwenye kundi la WhatsApp la kazini siku ya pili ya likizo? Kundi zima limeshajua unapatikana. Liweke kwenye kumbukumbu (archive) hadi utakaporudi.

Dhana: Ufaransa imepiga marufuku barua pepe baada ya kazi

Haijapiga. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana. Ureno ndiyo iliyokaza zaidi mwaka 2021, kwa kumtaka mwajiri mwenyewe asimtafute mfanyakazi aliye mapumzikoni isipokuwa kwa sababu zisizozuilika. Australia, tangu Agosti 2024, inamruhusu mfanyakazi kutosoma wala kujibu nje ya saa za kazi, ilimradi kukataa kwake kusiwe kinyume cha busara. Soma mkataba wako na sheria ya nchi yako. Vichwa vya habari huahidi mengi.

Dhana: Mpaka unaisha siku ya kurudi

Jessica de Bloom na wenzake nchini Uholanzi waliona kwamba nafuu ya likizo huyeyuka haraka, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza kazini. Asubuhi ya kwanza usipange kikao. Kaa na kaimu kwanza, akueleze yaliyotokea na yaliyokwisha, ndipo ufungue barua pepe, ukianzia na mpya kurudi nyuma. Nyingi za zamani utakuta zilishajibiwa.