Tochi ya leza haitoi mionzi ya atomi

Tangu maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, maabara yetu inaulizwa kila mara, hasa na wazazi: je, tochi ya leza inayouzwa mitaani hapa Dodoma ina "mionzi ya atomi" inayoleta saratani? Hapana. Tumeshalijibu swali hili mara nyingi, na tunalijibu tena.

Mionzi inayoogopwa ni ile inayong'oa elektroni kwenye atomi. Fotoni moja (chembe moja ya mwanga) ya kijani ina elektronivolti 2.3 hivi; elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati. Kung'oa elektroni kwenye atomi ya zenoni, ambayo ni gesi, kunahitaji 12.1. Uiwashe tochi hiyo kutwa nzima, haifiki.

Leza kubwa za utafiti ni habari nyingine. Nishati yake hubanwa ndani ya femtosekunde chache (femtosekunde moja ni sekunde ikigawanywa mara milioni bilioni), kwenye doa lisilofika unene wa unywele, hadi kupita wati trilioni 1,000 kwa sentimita ya mraba. Hapo mwanga wenyewe hung'oa elektroni.

Tuirudie zenoni: ukiipuliza ikiwa na mgandamizo mkubwa kupitia tundu dogo hadi kwenye ombwe, gesi hupoa ghafla na atomi hushikamana kwa mamia au maelfu, mfano wa kishada cha zabibu zetu. Leza ikikipiga kishada hicho, elektroni za kwanza huchomoka lakini haziendi mbali, kwani chaji chanya iliyobaki huzivuta. Zinasukwasukwa humo na mwanga, zinagonga atomi jirani na kung'oa elektroni nyingine. Baadhi zikishatoroka, ayoni (atomi zilizopoteza elektroni) husukumana na kishada hupasuka. Atomi iliyo peke yake haina jirani, hivyo hupoteza elektroni chache. Mwaka 1997 watafiti wa London waliripoti ayoni za zenoni zenye hadi elektronivolti milioni 1.

Mpasuko huo hutoa pia eksirei. Kwa hiyo taasisi inayotaka mtambo wa namna hiyo ianzie Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa maandishi, kabla ya kuagiza na si mzigo ukishafika bandarini. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, kutumia chanzo cha mionzi bila kibali ni kosa. Kutoijua sheria si utetezi.

Na wanaosema tochi ni salama kwa kuwa "ni mwanga tu" nao wamekosea. Lenzi ya jicho hukusanya mwali wote kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na retina ikiungua haioti upya. Mtoto asipewe achezee, na dereva asimulikwe.