Acheni kuniuliza antivirusi ipi ni kali

Wenye ofisi hapa Kampala wana swali moja: "Fundi, ipi kali kuliko zote?" Wiki hii nimeulizwa tena, na muulizaji tayari alikuwa amenunua leseni za matumizi ya nyumbani kwa kompyuta thelathini za ofisi, kwa kuwa jina la antivirusi hiyo ni kubwa.

Kwa kukamata virusi, bidhaa kubwa zinakaribiana mno. AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huzipima mara kwa mara, na Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows bila malipo, mara nyingi husimama bega kwa bega na za kulipia. Ofisi yenye kompyuta tano siishauri inunue chochote. Iwashe Defender, ikubali masasisho, itunze nakala za mafaili mahali pengine.

Kompyuta zikiwa nyingi, kinachonunuliwa ni usimamizi. Leseni ya nyumbani huiacha kila mashine peke yake. Ya mhasibu muda wake umekwisha, ya mapokezi imezimwa kwa sababu mtu alidhani inazuia printa, na mkurugenzi hana habari. Antivirusi ya biashara ina dashibodi inayoonyesha mashine zote, hufungwa kwa nywila ili mtumiaji asiizime, na huamua fleshi ipi ikubaliwe. Hilo la fleshi msilipuuze! Kazi zetu za kuchapa zinakwenda Nasser Road, mtaa wa wachapishaji. Fleshi inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea fleshi za mji mzima, kisha inarudi moja kwa moja kwa mhasibu.

Kwa hiyo muuzaji akija na karatasi za rangi, mwambieni afanye jaribio. Kuna faili la EICAR, herufi 68 tu, lisilo na madhara, lililotungwa ili antivirusi zilitambue kama kirusi. Litieni kwenye fleshi, ichomekeni kwenye mashine ya mapokezi, kisha tazameni dashibodi. Je, onyo limefika? Limetaja mashine gani? Ukimya hapo unatosha kumrudisha muuzaji alikotoka.

Ulizeni pia kama seva moja ya ofisini inaweza kushusha masasisho na kuzigawia mashine nyingine, maana mashine arobaini zikishusha kila moja kivyake, bando linaisha. Ulizeni pia italindaje bila intaneti: Januari 2021, ilipokatwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, ulinzi unaotegemea wingu, yaani seva za mtandaoni, ulikosa taarifa mpya kwa siku kadhaa.

Viraka vya Windows, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama, ni lazima, antivirusi iwe ipi. WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, ilienea Mei 2017 kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Tunafundishwa kusasisha mashine zote papo hapo. Lakini Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Tangu hapo, programu ikiruhusu, seva ya hesabu naichelewesha kupokea masasisho kwa saa chache, nikijua kwamba katika saa hizo kirusi kipya kinaweza kuingia. Sijaridhika na upande wowote.

Kabla ya kusaini, andikeni jina la mtu atakayefungua dashibodi kila asubuhi. Kama hayupo, msilipie dashibodi. Na bei ya kuhuisha leseni mwaka wa pili idaini kwa maandishi, kwa sababu punguzo la mwaka wa kwanza huwa halirudi.