Kuitambua mimea ya jamii ya kunde kwa kemia ya majani

Mmea wa jamii ya kunde usio na ua wala tunda ni mtihani hata kwa mtaalamu. Familia hii ina spishi zaidi ya 19,000, na nyingi hufanana mno majani. Umbo likishindwa kunijibu, naiuliza kemia.

Ninachotafuta hasa ni flavonoidi, kemikali zinazolikinga jani dhidi ya miale mikali ya jua. Kiini kimoja cha flavonoidi, tuseme kwersetini, kinaweza kubebeshwa sukari tofauti mahali tofauti, na namna kinavyobebeshwa hurithiwa. Zaidi ya hayo flavonoidi ni vumilivu: hata jani lililokaushwa zamani na kuhifadhiwa bado huwa nazo.

Njia kongwe ningali naipenda. Jani husagwa, huloweshwa katika methanoli, kisha tone la maji yake huwekwa kwenye kona ya karatasi. Kiyeyushi cha kwanza hulisambaza upande mmoja. Karatasi ikikauka hugeuzwa, na kiyeyushi cha pili husambaza upande wa pili. Chini ya taa ya urujuanimno madoa ya flavonoidi hujitokeza, na mvuke wa amonia hugeuza baadhi ya yale meusi kuwa ya manjano. Mashine za leo huona mengi zaidi, ila swali ni lile lile: nani ana nini?

Kwa njia hiyo wataalamu wa mimea Ralph Alston na B. L. Turner, huko Texas, walifumbua fumbo la machotara wa Baptisia, jenasi ya jamii ya kunde. Mwaka 1963 walieleza spishi nne zinazochanganyika kiasili porini na kuzaa machotara. Kwa umbo, chotara huyumba kati ya wazazi na kumchanganya mtazamaji. Kwa kemia, karatasi yake huonyesha madoa ya wazazi wote wawili. Kwangu huo ni ushahidi mzuri ajabu.

Mimi huamini kuwepo kwa doa kuliko ukubwa wake, maana kiasi hubadilika kwa umri wa jani, jua na kivuli.

Undugu wa mbali ni habari nyingine. Kanavanini, asidi amino yenye sumu, hupatikana katika mimea mingi ya Papilionoideae, kundi kubwa ndani ya familia ya kunde, lakini si yote. Lupini, kwa mfano, hujilinda kwa alkaloidi, sumu za aina nyingine. Ukoo unaweza kuacha kutengeneza sumu uliyorithi, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba mimea miwili si ndugu. Hapo natanguliza DNA, kisha naipanga kemia juu ya matawi ya mti wa ukoo unaotokana na DNA hiyo.