Jang ya Kikorea ni nini?

Jang ni jina la jumla la viungo vya soya iliyochachushwa kwa chumvi, na ndiyo msingi wa ladha ya mapishi ya Korea. Maarufu ni aina tatu: ganjang, mchuzi mweusi wa chumvi, doenjang, rojo zito la kahawia, na gochujang, rojo jekundu la pilipili. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza ujuzi wa kutengeneza jang katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wengi hudhani ganjang na doenjang zina mapishi mawili tofauti. Kwa njia ya asili, zote mbili hutoka katika mtungi mmoja.

Mwanzo wake ni meju, yaani tofali la soya. Mwanzoni mwa majira ya baridi, soya hurowekwa usiku kucha, ikachemshwa saa nne hadi tano mpaka punje ipondeke kwa vidole, kisha ikatwangwa. Isilainike kabisa: vipande vya punje vikibaki huacha mianya ya hewa, lakini tofali lililoshikamana mno hubaki na unyevu katikati na kuoza. Likishakauka juu kwa siku chache, hufungwa kwa mabua ya mpunga na kutundikwa mwezi mmoja au miwili. Mabua hubeba bakteria waitwao Bacillus subtilis, ambao huhamia kwenye soya na kuvunjavunja protini yake. Kazi hiyo ndiyo inayoleta utamu wa jang. Nyufa juu ya tofali ni za kawaida. Ukungu mweusi uliopenya hadi ndani si wa kawaida, na tofali hilo hutupwa.

Hatua inayoharibu jang za watu wengi ni maji ya chumvi. Kipimo kizuri ni kilo 1 ya meju, lita 4 za maji na kilo 1 ya chumvi ya bahari. Chumvi huyeyushwa mapema ili taka zitulie chini, na ukali wake hupimwa kwa yai bichi lisilo la zamani: lielee, na sehemu inayochomoza iwe na upana wa takriban sentimita 2.5. Yai likizama, chumvi haitoshi na mtungi utanuka uvundo. Likichomoza sana, uchachushaji utazorota. Kadiri hali ya hewa inavyopata joto, chumvi huongezwa. Ndiyo maana wenye uzoefu huwahi kabla baridi haijaisha.

Meju iliyosuguliwa kwa maji na kuanikwa hupangwa katika onggi, mtungi wa udongo wenye vinyweleo vinavyopitisha hewa. Maji ya chumvi humiminwa juu yake, vikafuata vipande vya mkaa, pilipili kavu na kunazi kavu. Siku za jua mfuniko hufunguliwa, na jioni hurudishwa. Maji ya mvua yasiingie hata kidogo, kwa kuwa yanapunguza ukali wa chumvi na kuleta utando mweupe.

Baada ya siku 40 hadi 60 hufika wakati wa kutenganisha. Maji huchujwa na kuwa ganjang, ambayo huweza kukaa miaka mingi ikizidi kuwa nyeusi na nzito. Meju iliyolowa hupondwa na kuwa doenjang, ikashindiliwa mtungini bila kuacha mifuko ya hewa, ikafunikwa kwa tabaka la chumvi na kuachwa miezi kadhaa kabla ya kuliwa. Ganjang ikikamuliwa yote, doenjang hutoka kavu na chungu, kwa hiyo mpishi mzuri huacha meju ikiwa na majimaji.