Kichocheo cha umeme hakichochei umeme

Nimeisikia mara nyingi mno: "Wamepata kichocheo cha umeme, sasa maji ya bahari yatatupa umeme." Hapana. Umeme unaingia, kinachotoka ni hidrojeni.

Kwa kifupi, kichocheo cha umeme, au elektrokatalisti, ni kitu kilicho juu ya elektrodi (kipande cha kupitishia umeme kwenye maji) kinachoharakisha mmenyuko unaoendeshwa na umeme, bila chenyewe kutumika kama malighafi. Basi.

Mkorofi hapa ni hicho kijineno "cha". Jiko la umeme halipiki umeme, na hakuna anayelishangaa. Lakini kwenye kichocheo watu huteleza, pengine kwa sababu kitenzi chenyewe kimetoka mekoni: kuchochea moto ni kusukuma kuni ndani, na kuni huungua. Kichocheo cha kemia si kuni. Maana ya pili ya neno iko karibu zaidi: mchochezi wa ugomvi huwakutanisha wawili, wakazipiga, yeye akaondoka mzima. Mkemia Msweden Berzelius, aliyelipa jambo hili jina mwaka 1835, alichota Kigiriki cha kulegeza na kufungua. Nakiri Wagiriki wametushinda hapo, maana kazi yenyewe ni kulegeza vifungo vya molekuli.

Kuna kosa jingine, la wanaojua kidogo: kwamba kichocheo kizuri kitapasua maji, yaani kuyatenganisha kuwa hidrojeni na oksijeni, karibu bure. Katika joto la kawaida, kupasua maji kunadai angalau volti 1.23, na hakuna kichocheo cha kuteremsha deni hilo. Kinachopungua ni ile ziada ya volti tunayolazimika kuongeza ili kazi isikwame.

Baharini kasi peke yake haitoshi. Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 19 za kloridi (klorini iliyomo kwenye chumvi), nazo kwenye anodi, elektrodi inakotokea oksijeni, hugombea nafasi na oksijeni. Oksijeni hudai elektroni nne kwa kila molekuli, klorini mbili tu, kwa hiyo klorini hupita kirahisi. Unaweza basi kuwa na kichocheo chenye kasi kabisa kinachokutengenezea gesi ya sumu. Njia mojawapo ni kuyafanya maji yawe ya alkali. Hapo oksijeni hupata upendeleo wa kama volti 0.48 dhidi ya hipokloriti (umbo ambalo kloridi hugeuka kuwa humo), na mbunifu hutafuta kichocheo, mara nyingi cha nikeli na chuma, ambacho ziada yake haivuki pengo hilo. Kwenye kathodi, elektrodi inakotokea hidrojeni, nako magnesi na kalsiamu huganda na kufunika uso. (Kloridi hukitafuna kichocheo pia, lakini hiyo ni kutu, si sehemu ya kazi yake.)

Kwa hiyo mtu akikuambia wamepata "kichocheo bora cha maji ya bahari", usimkatize. Mwulize tu: bora kwa kasi, au kwa kuchagua oksijeni na kuiacha klorini? Halafu umkumbushe, taratibu, kwamba bili ya umeme bado ipo.