Samaki Mgeni Kwenye Wavu: Maswali na Majibu Kuhusu Sumu ya Samaki Mombasa

Mbona siku hizi tunaletewa samaki hata wazee wa bandarini hawawajui?

Samaki hufuata joto na chakula. Wakati wa kusi maji yetu hupoa hadi nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na kaskazi ikielekea kuisha, mwezi wa Machi, hufika 29 au 30. Huo ndio mwendo wa kawaida. Lakini Bahari ya Hindi imekuwa ikiongezeka joto kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya 1998, 2016 na 2024 joto lilipita kiasi hadi matumbawe yakapauka. Tumbawe likifa, waliokuwa wakilitegemea huhama, na wengine huja kushika nafasi yao.

Hata hivyo si kila mgeni ameletwa na joto. Mvuvi aliyezoea kutega dema ndani ya mwamba, akitoka kwenda maji makuu, atarudi na samaki ambao baba yake hakuwahi kuwaona.

Samaki nisiyemjua ana sumu?

Si lazima. Wengi ni chakula kizuri tu. Hatari ni kumla kabla hajatambuliwa na mtu anayemjua, na ushahidi upo mbali na hapa. Kuna aina moja ya bunju, yule samaki wa sumu anayejijaza akatuna: ni mkubwa, mwenye mgongo wa madoadoa na mkanda wa rangi ya fedha ubavuni, ambaye huweza kupita urefu wa mita moja. Kwetu ni mwenyeji. Bahari ya Hindi ndiko kwao. Alipita Mfereji wa Suez akaingia Bahari ya Mediterania, na mwaka 2003 akaonekana Uturuki kwa mara ya kwanza. Kule hapakuwa na mzee wa kuwaambia watu "huyu haliwi". Kati ya 2005 na 2008, watu 13 nchini Israeli walidhurika kwa kumla. Wote walipona, kwa sababu walifika hospitali.

Sisi tuna wazee wanaomjua. Ninachohofia ni kwamba wanunuzi wengi wa leo, hasa vijana na waliohamia kutoka bara, hawajawahi kuonyeshwa bunju.

Nitamtambuaje bunju?

Akiwa mzima, ni rahisi. Hana magamba kama ya changu au tafi. Ngozi yake ni laini au ina vijiba vikavu. Akishikwa hujijaza maji au hewa, tumbo likatuna. Mfungue mdomo: utaona meno manne mapana, mawili juu na mawili chini, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku.

Tabu ni akishakatwa kichwa na kuchunwa. Hapo hubaki mnofu mweupe safi, na ukitiwa kwenye karai la mafuta hakuna jicho litakaloutofautisha na samaki mwingine. Kwa hivyo ukinunua kwa mama karanga, yule mama anayekaanga na kuuza samaki, muulize ni samaki gani. Wengi wao wanajua vizuri wanachokaanga na watakujibu. Asiyejua jina, usinunue kwake vipande vya samaki huyo.

Nikimpika sana, au nikimtia ndimu na chumvi?

Haisaidii. Sumu ya bunju inaitwa tetrodotoksini. Hukaa zaidi kwenye maini, mayai, matumbo na ngozi, na katika aina nyingine imo hata mnofuni. Haivunjwi na moto wa jikoni, wala barafu, wala kukaushwa juani. Kumpa paka kwanza uone kama atakufa nako si kipimo: kipande alichokula yeye si kile utakachokula wewe.

Kasa naye ni vivyo hivyo, ingawa si samaki. Nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyotoka kwa kupikwa. Mwezi Machi 2024, kisiwani Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Mtu akishakula bunju, dalili ni zipi, na nifanye nini?

Huanza kwenye midomo na ulimi: mchonyoto, kisha ganzi. Mara nyingi ni ndani ya dakika 10 hadi 45, japo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Baadaye hufuata kizunguzungu, kutapika, mikono na miguu kukosa nguvu, maneno kuwa mazito. Mwisho misuli ya kupumua hulegea, na hicho ndicho kinachoua.

Usingoje uone kama atapata nafuu. Ganzi ya midomo baada ya kula samaki yatosha kumpeleka hospitali, ikiwezekana kubwa yenye mashine ya kupumulia, kama Hospitali Kuu ya Pwani. Kama yuko Likoni, anza safari mapema, maana feri haitakungoja. Njiani mlaze ubavu. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi, na usimlazimishe kutapika. Koo lililolegea hupitisha vitu kwenye mapafu.

Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni na msiache mpaka mfike. Shikeni sana hili: huenda amelala hatikisiki, macho yamekodoa, na bado anasikia kila neno. Msimlilie kama maiti. Dawa ya kuivunja sumu hii haipo, ila mashine ikimpumulia hadi mwili uitoe, hurudi. Anayevuka saa 24 kwa kawaida hupona.

Bebeni mabaki ya samaki, hata kichwa kilichotupwa jaani.

Je, samaki tunaowajua ni salama?

Hapa ndipo nitakapowakera wengine. Kwa jinsi ninavyoona samaki wakiwekwa juani, jodari, nguru au kibua aliyeshinda bila barafu anatutisha zaidi kuliko mgeni yeyote. Katika joto, bakteria hugeuza kitu kilichomo kwenye nyama yake kuwa histamini, na kupika hakuiondoi. Huenda samaki asinuke, ila akawasha ulimi kama pilipili. Uso huwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha, tumbo linaharisha. Wengi hudhani ni mzio. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, na dawa za mzio husaidia, lakini mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asikae nyumbani.

Nunua samaki aliyelala kwenye barafu tangu chomboni, si aliyemwagiwa maji asubuhi ili ang'ae.

Chewa, mzia na mkunga wakubwa wa miambani nao huweza kubeba sumu ya siguatera, itokayo kwa viumbe vidogo mno vinavyoishi juu ya mwani. Dalili yake ya ajabu ni maji baridi kuhisiwa kama yanachoma. Kadiri samaki alivyo mkubwa ndivyo alivyokusanya sumu nyingi.

Na samaki akinichoma mwiba?

Hiyo ni sumu nyingine kabisa, na hii huvunjwa na moto. Ukichomwa na tafi, taa, au yule mwenye mistari myekundu na myeupe na miiba mirefu mgongoni, toa kipande cha mwiba kinachoonekana kikitoka kirahisi, kisha tumbukiza mguu au mkono katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Yajaribu kwanza kwa mkono usiochomwa, kwa sababu sehemu iliyochomwa inaweza kuungua bila kuhisi. Halafu nenda zahanati ukasafishwe kidonda na kuchomwa sindano ya pepopunda. Kama umechomwa kifuani au shingoni, au unakosa pumzi, nenda hospitali moja kwa moja.

Nimevua samaki nisiyemjua. Nimpeleke wapi?

Mpige picha ubavu mzima, ukiweka kiganja kando yake ili ukubwa uonekane, na mdomo ukiwa wazi. Andika ulipomtoa, kina cha maji na aina ya wavu au ndoana. Mwonyeshe kiongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, au mpeleke akiwa kwenye barafu, hajatumbuliwa, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, pale Mkomani. Mpaka upewe jibu, asiingie jikoni wala kwenye karai la mtu.